Kisu cha Kwanza cha Mwanetu: Tukichague Vipi, na Tumkabidhi Lini?

Alasiri moja ya Ijumaa, tulipokuwa tukiumwaga mkoba wa chuo wa kijana wetu ili tuufue, tulikuta chini ya madaftari kitu kizito kilichoviringishwa kwa kitambaa. Kilikuwa kisu. Kisu cha kukunja, cheusi, chenye kitufe ubavuni. Ukikibonyeza, ukengee hufyatuka wenyewe kwa mlio mkavu. Mwenye mkoba ana umri wa miaka 13, na kisu alikinunua kwa mchuuzi wa barabarani kwa fedha alizowekewa mkononi siku ya Idi.

Hatukumpigia kelele. Si kwa sababu tulikuwa na subira, bali hofu ilitufunga ndimi. Mzazi anayeishi Mombasa hahitaji kuelezwa kwa nini moyo humdunda akiona chuma cha aina hiyo katika mkoba wa mwanawe. Tumesikia mara ngapi habari za vijana wenye visu na mapanga wanaowavamia watu mitaani? Tumewaona mara ngapi akina mama waliosimama nje ya kituo cha polisi, wakiapa kwamba mtoto wao si miongoni mwa hao?

Tulipomuuliza, alijibu kwa upole ambao ulituchoma kuliko ukaidi. Siku za Jumamosi ami yake humchukua baharini. Kukata mshipi uliojifunga, kukata chambo, kukata kamba ya nanga iliyochakaa, yote hayo humlazimu kuazima kisu. "Mama, chomboni kila mtu ana kisu chake, ila mimi."

Basi kijana hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na haja ya kweli, na haja hiyo aliitimiza kwa siri na kwa chombo kisichofaa, kwa sababu sisi hatukuwahi kuzungumza naye juu ya jambo hilo. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Twaijua hekima ya methali hiyo katika mambo mengi, lakini wembe wenyewe una hoja nyingine: makali yakishakata mshipa wa kidole, somo limekuja likiwa limechelewa. Tulionelea kwamba kati ya kumnyima na kumwachia iko njia ya tatu, nayo ni kumchagulia chombo kinachofaa na kumfunza kukitumia. Makala haya ni matunda ya majuma kadhaa tuliyoishughulikia njia hiyo, na twayaandika kwa ajili ya kila nyumba yenye mtoto anayekaribia umri huo.

Binti tuliyemsahau

Kabla hatujafika dukani, lilitujia jambo lililotuaibisha kidogo. Kijana huyu ana dada yake mwenye miaka 15. Tangu alipokuwa na miaka tisa, binti huyo ameshika kisu cha jikoni: akimenya vitunguu, akipasua maboga, akikata miyaa pamoja na bibi yake kwa ajili ya mikeka. Hakuna aliyeitisha kikao cha wazazi siku alipokishika. Hakuna aliyempima kama mkono wake unatosha kuushika mpini, wala aliyemwonyesha mahali pa kuweka vidole. Kovu alilo nalo kwenye kidole cha shahada ndilo lililokuwa mwalimu wake.

Kwa hivyo tuliamua kwamba somo litakuwa la wote wawili, na kwamba visu vitakuwa viwili. Kisu ni chombo cha kazi, na kazi haina mume wala mke. Ikiwa mtoto wa kiume anastahili kufundishwa kabla ya kupewa, basi binti alistahili hilo miaka sita iliyopita.

Adabu ya makali katika dini yetu

Dini yetu haikuliacha jambo la makali bila ya mwongozo. Sura ya Al-Hadid yatukumbusha kwamba chuma kina nguvu kubwa na pia kina manufaa kwa watu. Mambo hayo mawili yametajwa pamoja, na mzazi hana budi kuyaweka pamoja vivyo hivyo anapozungumza na mwanawe.

Katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba mtu anayepita msikitini au sokoni akiwa na mishale aishike kwenye vichwa vyake, asije akamjeruhi Mwislamu. Muslim amepokea pia onyo kali kwa anayemwelekezea nduguye chuma, hata akiwa ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, yaani hata kwa mzaha. Nao Abu Dawud na Tirmidhi wamepokea katazo la kupokezana upanga ulio nje ya ala. Mzazi akiyatafakari mafundisho haya matatu ataona kwamba ndiyo kanuni zile zile ambazo mwalimu yeyote wa usalama angemfunza mtoto leo: funika makali unapopita penye watu, usichezee, na usimpe mwenzio kikiwa wazi.

Lipo na la nne. Katika mafundisho ya kuchinja, tumeamrishwa kufanya wema, kunoa kisu vizuri na kumpumzisha mnyama. Kwa hiyo ukali wa kisu si ukatili. Kisu butu ndicho kinachotesa. Kama tutakavyoona, kisu butu humtesa hata anayekishika.

Je, yuko tayari?

Watu wengi hutuuliza umri. Sisi twaona umri ni dalili tu. Wapo watoto wa wavuvi wa miaka kumi ambao mikono yao ina busara kuliko ya vijana wa miaka 16 wa mjini. Tulijiuliza maswali manne. Je, akiambiwa "acha", huacha mara moja? Je, vitu vyake huvirudisha mahali pake? Akikasirika na wenziwe, hasira yake huitoa kwa mdomo au kwa mikono? Na je, ana kazi ya kweli ya kukifanyia kisu hicho?

Swali la mwisho ndilo zito. Mtoto asiye na kazi ya kisu atakitafutia kazi, na kazi atakayoipata huenda ikawa kuwaonyesha wenziwe. Asiyeweza kutaja mambo matatu atakayoyafanya kwa kisu chake, basi bado hajawa na haja nacho. Kijana wetu alitaja matano. Swali la tatu ndilo lililotupa mashaka, kwa sababu ana hasira za karibu. Ndiyo maana masharti tuliyomwekea, ambayo tutayaeleza, yalikuwa mazito kuliko ya dada yake.

Aina za visu

Visu vya matumizi ya kila siku ni vya namna nne. Cha kwanza ni kisu kisichokunjwa, chenye ala yake. Hiki ndicho imara zaidi, kwa kuwa hakina kiungo cha kulegea wala pa kujificha chumvi na magamba ya samaki. Kasoro yake ni kwamba hakibebeki mjini: kikionekana kiunoni hufanana na silaha. Mahali pake ni chomboni, shambani na jikoni.

Cha pili ni cha kukunja kisicho na komeo. Ukengee hushikiliwa na ukinzani wa springi tu, iwe wazi au umefungwa. Ni chepesi na rahisi, lakini ukikandamiza ncha au mgongo wa ukengee, huweza kujifunga juu ya vidole vyako.

Cha tatu ni cha kukunja chenye komeo. Ukishaufungua, ukengee hukaa hapo mpaka uondoe kizuizi kwa makusudi. Makomeo yako ya aina nyingi. Yapo yanayokulazimu upitishe kidole gumba mbele ya njia ya ukengee unapoufunga, na hayo hayamfai anayeanza. Mfano mzuri wa komeo salama ni pete inayozunguka shingoni mwa mpini, ambayo huonekana kwenye visu vya Kifaransa vya Opinel. Visu hivyo vilianzishwa na Joseph Opinel huko Savoie mwaka 1890, na pete hiyo ikaongezwa mwaka 1955. Hushikwa kwa nje na kuzungushwa, nacho kidole hakiingii kwenye njia ya makali.

Cha nne ni kile cha kufyatuka kwa kitufe, kama kilichokuwa ndani ya mkoba. Hicho tulikikataa bila ya mjadala. Huweza kufunguka mfukoni, springi yake hufa upesi kwa chumvi, na zaidi ya yote, kwa macho ya askari au ya jirani, hakina sura ya chombo cha kazi. Kisu kizuri kwa mtoto ni kile kinachohitaji mikono miwili kukifungua. Sekunde mbili za kukifungua ni sekunde mbili za kufikiri.

Kipo pia kile kisu chekundu cha Uswisi chenye vifaa vingi, ambacho wengi wetu tulikiona kwa mabaharia. Karl Elsener alifungua karakana yake mwaka 1884 katika kijiji cha Ibach, na mwaka 1891 akaanza kuwapelekea visu wanajeshi wa nchi yake. Mamake, Bi Victoria, alipofariki mwaka 1909, alikipa kiwanda jina lake. Baadaye likaongezwa neno la chuma kisichoshika kutu, ndipo likapatikana jina Victorinox. Vinafaa sana kwa kazi ndogo ndogo za nyumbani, nasi dada mtu tulimchagulia kisu cha namna hiyo, chenye ukengee mmoja, mkasi na kifungua kopo. Lakini visu vya kuiga ni vingi mno, na jina lililochapwa juu ya mpini si ushahidi wa ubora. Kiamini kisu, usiiamini chapa.

Chuma, na hewa yetu ya chumvi

Vyuma vya visu ni vya makundi mawili makubwa. Chuma cha kaboni hunoleka kwa urahisi na huwa kikali kweli kweli. Visu vingi vinavyofuliwa na wahunzi wetu kutokana na springi kuukuu za magari ni vya namna hii. Lakini hewa ya Pwani haikisamehe. Kiache usiku mmoja na maji ya bahari, asubuhi kina madoa mekundu. Chuma kisichoshika kutu hunoleka kwa taabu kidogo zaidi, lakini humvumilia mtoto aliyesahau kukifuta. Hata hicho si kwamba hakishiki kutu kabisa; huchelewa tu. Kwa anayekwenda baharini, chuma kisichoshika kutu ndicho kisu cha kwanza. Cha kaboni na kisubiri mpaka mazoea ya kufuta yajengeke.

Mpini wa mti ni mzuri kuutazama na hupendeza mkononi, ila unyevu huuvimbisha, na kisu cha kukunja chenye mpini wa mti uliovimba hukataa kufunguka. Sisi tulichagua mpini wa plastiki ngumu wenye mikwaruzo ili usiteleze ukiwa na maji au mafuta ya samaki. Rangi tulichagua ya chungwa. Kijana alinung'unika kwamba ni rangi ya kitoto, lakini ami yake alimwambia kwamba chombo cheusi kikianguka ndani ya mashua penye kivuli ni chombo kilichopotea.

Urefu wa ukengee usizidi upana wa kiganja cha mwenyewe. Kwa watoto wengi ni kama sentimita sita hadi nane. Urefu huo hutosha kumenya embe, kukata kamba na kufungua gunia. Ncha isiwe nyembamba kama sindano, na makali yawe laini, si ya meno kama msumeno, kwa kuwa meno hayanoleki nyumbani.

Kukikagua dukani

Usinunue kisu kilichofungwa ndani ya plastiki usichoruhusiwa kukifungua. Kifungue polepole kwa mikono miwili. Shika ukengee ubapani kwa kitambaa, ujaribu kuutikisa kushoto na kulia: ukicheza, kirudishe. Ufunge komeo, kisha bonyeza mgongo wa ukengee juu ya meza huku vidole vikiwa nje ya njia yake. Komeo likiachia, kirudishe. Kikunje uutazame ukengee ndani ya mpini: unapaswa kukaa katikati, usiguse ukuta wowote. Mwisho, mpe mtoto mwenyewe akishike. Mkono wake ukiwa mdogo kuliko mpini, kisu hicho si chake bado.

Na tafuta chenye tundu mwishoni mwa mpini. Kigwe kilichopitishwa hapo na kufungwa kiunoni kimeviokoa visu vingi visizame.

Kukinoa na kukitunza

Tulisema kisu butu humtesa anayekishika. Sababu yake ni nyepesi: makali yakisenea, mkono hulazimika kukandamiza, na mkono unaokandamiza, kisu kikiteleza, huenda nacho kwa nguvu hiyo hiyo yote. Kisu kikali hukata kwa uzito wake na hutii.

Kinoo cha pande mbili, upande wa kukwaruza na upande laini, chatosha kwa miaka mingi. Kiloweshe kwa maji ikiwa ni cha maji. Jambo gumu ni kuupata mwinamo wa ukengee juu ya kinoo. Chukua kipande cha karatasi chenye kona ya mraba; ikunje kona hiyo katikati, kisha ikunje tena. Utapata pembe ya nyuzi 22 na nusu, nayo inakaribia mno pembe inayofaa. Iweke kando ya kinoo iwe mwongozo wa macho. Sukuma ukengee mara kumi upande mmoja, mara kumi upande wa pili, kwa mwendo mmoja, bila ya haraka. Usiyajaribu makali kwa kidole. Kata ukingo wa karatasi.

Kikitoka baharini kioshwe kwa maji baridi, kikaushwe kikiwa wazi, na kiungo chake kitiwe tone la mafuta mepesi. Usikitumie kisu kuwa bisibisi wala mtaimbo. Ncha nyingi huvunjika kwa kufungulia mikebe ya rangi.

Masharti tuliyowekeana

Tuliyaandika, nao watoto wakatia sahihi. Kata ukielekea nje ya mwili, na mtu asiwepo ndani ya urefu wa mkono wako. Usitembee na kisu kilicho wazi. Kikianguka, kiache kianguke, usikidake. Ukimpa mtu, mpe kimekunjwa, kama hakikunjwi, mpe mpini, na usikiachie mpaka aseme, "Nimekishika." Hakiingii shuleni, chuoni, msikitini wala kwenye mechi ya mpira.

Kwa kijana tuliongeza mawili. Kisu chake hukaa ndani ya sanduku la mamake, na hutoka Jumamosi asubuhi mkononi mwa ami. Na siku atakapokitoa kwa hasira, hata kama hakukifungua, kitarudi sandukuni kwa mwaka mzima.

Sharti la kisu kutozunguka mjini si la nyumbani tu. Kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya humtia hatiani anayekutwa na silaha ya hatari katika mazingira yanayoonyesha nia ya kutenda kosa kubwa, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka saba. Kisu cha kumenyea chungwa si silaha, lakini saa tatu za usiku, katikati ya kundi la vijana, ni nani atakayekuwa hapo kumweleza askari habari za mshipi na chambo? Twawaambia watoto wetu wazi: mahali na wakati ndivyo vinavyokipa kisu jina lake. Nao wasafiri wa ndege, hata wanaokwenda Umra, wakumbuke kukitia kisu ndani ya mzigo unaopakiwa chini, mkobani kitachukuliwa.

Na akijikata?

Atajikata. Hakuna aliyejifunza kisu bila ya tone la damu, na bora siku hiyo imkute anajua la kufanya. Kidonda kikandamizwe kwa kitambaa safi kwa dakika kumi kamili bila ya kuchungulia, mkono ukiwa umeinuliwa. Damu ikikoma, kioshwe kwa maji safi yanayotiririka na kifungwe. Kahawa, majivu na dawa ya meno havina nafasi hapo. Huchafua kidonda na kumpa daktari kazi ya kukisafisha. Kidonda kikiwa kirefu, damu ikikataa kukoma, au kidole kikifa ganzi au kukataa kukunjika, nendeni hospitali siku hiyo hiyo, na muulize juu ya chanjo ya pepopunda.

Jumamosi iliyopita kijana alirudi jioni, ana chumvi hadi kwenye kope, na changu wawili ndani ya kikapu. Bibi yake alikuwa barazani akisuka ukili, akamwomba kisu akate miyaa. Kijana akakifungua kigwe kiunoni, akahakikisha kisu kimekunjwa, akamnyooshea. Bibi akanyoosha mkono. Kijana hakuachia.

"Bibi," alisema, "bado hujasema."

Ajuza wa miaka 74, aliyeshika visu kabla sisi hatujazaliwa, akamtazama kwa muda, kisha akacheka. "Haya, mjukuu wangu. Nimekishika."

Kile cheusi tulikivunja springi na kukitupa. Mwenyezi Mungu atulindie watoto wetu, na atujaalie kuwafunza kabla ulimwengu haujawafunza.